Barua ya Wazi kwa Wazuia Farasi wa Washington

Kumb. Na. INJ/MOSHI/BLUU/01

Waheshimiwa Makamishna,
Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani (FTC),
Pennsylvania Avenue, Washington.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YENU KWA KUINGILIA IMANI ZA WATU KUHUSU DAWA ZA INJINI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, mmiliki wa Toyota IST, na mlipa kodi kila ninapokumbushwa. Nawaandikia kwa masikitiko. Kwa miaka mingi mmewaandama wafanyabiashara wanaouza chupa za kumimina ndani ya oili. Watu hawa hawakutaka ubaya. Walitaka kutupunguzia msuguano, kutuokolea petroli, kutuondolea moshi na kuifanya injini iishi kuliko mwenye gari, vyote kwa chupa moja ya plastiki. Ninyi mkawajibu kwa swali la kukosa adabu: ushahidi uko wapi?

Najua tabia hiyo mnayo hadi kwenye mawe. Nje ya jengo lenu zimesimama sanamu mbili za Michael Lantz, za mwaka 1942, zinazoonyesha mtu mwenye misuli akimvuta nyuma farasi anayetaka kukimbia. Farasi ni biashara, na mvutaji ni serikali. Huku kwetu mchongo huo usingepita kwenye kamati. Kila chupa ya dawa ya injini inaahidi kutuongezea nguvu za farasi. Tutamlipaje fundi wa mawe atuchongee mtu wa kuwazuia?

Tuanze na STP, wauza chupa hizo. Mwaka 1969 Mario Andretti alishinda mbio za Indianapolis 500 akiwa na gari lenye rangi na jina la STP, na bosi wake Andy Granatelli akambusu shavuni mbele ya kamera. Mtu akishabusu hadharani namna ile, mnataka tena maabara? Mlitaka. Mwaka 1976 mkatoa amri kuhusu madai ya kampuni hiyo. Mwaka 1978 ikalipa faini ya dola 500,000, na juu yake dola 200,000 za matangazo ya magazeti yanayoueleza umma kwamba imelipishwa. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniuma. Kumpiga mtu faini naelewa, hata trafiki wetu wanaelewa. Lakini kumlipisha mtu gharama za kujitangazia aibu yake mwenyewe ni roho mbaya. Mwaka 1995 mkawarudia wamiliki wapya, First Brands, wakatoa dola 888,000 kwa kuivunja amri ileile.

Mwaka uliofuata mkaigeukia Slick 50. Hii ilikuwa na unga wa PTFE, uleule wa kwenye kikaango kisichoshika yai, na matangazo yake yakawaaminisha watu kwamba kila wakiwasha gari asubuhi bila hiyo, chuma kinasaga chuma. Mkajibu kwamba injini nyingi zinalindwa vya kutosha kwa oili ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwamba si kawaida injini kufa mapema kwa kusagika wakati wa kuwashwa. Mwaka 1997 wakamalizana nanyi, fidia kwa wanunuzi ikihesabiwa kwa mamilioni ya dola. Halafu Dura Lube, Motor Up, Prolong. Mwaka 2001 zMax. Karibu wote waliishia kwenye makubaliano, na makubaliano, kama mjuavyo, si kukiri kosa. Kwa hiyo kisheria hakuna aliyekosea. Chupa zilikuwa sawa, madai ndiyo yalikosa karatasi.

Sasa kuhusu hicho kikaango. Wajuaji wanasema PTFE huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na kiwandani huokwa kwenye kikaango kwa joto kubwa, juu ya chuma kilichosafishwa vizuri, ndipo ishike. Oili ya IST yangu ikiwa barabarani huzunguka kwenye nyuzi 100 na kidogo. Kwa hiyo, wanasema, unga ule hauna namna ya kujipaka kwenye kuta za silinda. Utaelea tu, na kilicho kigumu ndani ya oili kazi ya filta ni kukikamata. Hoja hii ina kasoro moja kubwa: haiwezi kuandikwa kwenye stika.

Mnajua kinachoweza kuandikwa kwenye stika? Ile mashine. Mmeiona bila shaka, maana imezunguka dunia nzima na mpaka leo haijachoka. Ni mota ndogo mezani inayozungusha ringi ya chuma, na juu yake mkono wenye uzito unaokandamiza kipande cha beringi. Muuzaji anamimina oili ya kawaida, anaongeza uzito, chuma kinalia mpaka jino linauma, mota inasimama. Anafuta. Anatia matone ya dawa yake. Anaongeza uzito, anaongeza tena, anamwita mtoto aning'inie kwenye mkono wa mashine. Kimya. Mota inazunguka tu. Umati unapiga makofi na pochi zinafunguka zenyewe.

Wataalamu wanalalamika kwamba mashine hiyo inapima jambo ambalo injini hailifanyi. Beringi za krenki hazikandamizwi chuma kwa chuma. Pampu inasukuma oili katikati, shafti inaelea juu ya utando mwembamba, na kazi inaendelea bila vyuma kugusana. Kinachopimwa pale mezani ni mkandamizo mkali wa sehemu moja, habari inayoihusu zaidi oili ya difu. Tena kemikali zinazong'ara sana katika mchezo huo ni zile zenye klorini, ambazo zikipata joto na unyevu ndani ya injini huweza kuzaa asidi. Wapo hata wakorofi waliotia shampoo ya nywele kwenye mashine ya aina hiyo nayo ikafanya vizuri ajabu. Sijaona bado anayeuza shampoo ya injini, lakini nina imani na vijana wetu.

Hoja nzito ya wataalamu hao, nakiri ilinisumbua usingizi, ni ile kwamba dawa tayari imo ndani ya dumu. Sikujua kwamba oili inayouzwa dukani si mafuta matupu. Kwa oili nyingi, asilimia 10 hadi 25 ya kilichomo ni viongezwa: kalsiamu au magnesiamu za kusafisha, vingine vya kushika masizi yasigande, zinki na fosforasi za kukinga chuma pale utando unapokatika, polima za kuizuia isiwe maji ikipata joto, na tone la silikoni la kuzuia povu. Vyote vimepimwa vikiwa pamoja. Ili oili ipewe daraja kama API SP, lililoanza mwaka 2020, mchanganyiko wake lazima upite majaribio ndani ya injini halisi, ambazo huendeshwa kwa saa nyingi kisha hufunguliwa na vyuma vyake kupimwa. Ile nembo ya duara hupewa oili kamili. Chupa ya kuongezea haina daraja lake humo.

Maana yake, mwenye kumimina chupa juu ya oili hiyo ni mgeni aliyekaribishwa pilau akatoa bizari yake mfukoni. Hata fosforasi, ambayo kweli hukinga chuma, imewekewa kikomo cha asilimia 0.08 katika oili nyepesi za magari ya petroli, kwa sababu ikizidi huharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Mwenye Volkswagen Beetle ya zamani, yenye tapeti bapa, anaweza kuwa na sababu ya kutafuta zinki zaidi, ingawa hata yeye hupata oili iliyotengenezwa hivyo tangu mwanzo. Mimi sina Beetle. Nina IST, ambayo kitabu chake kinataka 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta, na ambayo nimekuwa nikiitilia 20W-50 kwa sababu fundi alisema nchi yetu ina joto.

Hapo ndipo mnapokosea kabisa kuhusu sisi. Kwenu mtu husoma kitabu cha gari. Gari langu lilitoka Japani likiwa na kitabu cha Kijapani, na hicho kitabu sasa kinazuia droo ya jikoni isigongegonge. Fundi ndiye kitabu. Fundi akitega sikio, akatikisa kichwa na kusema, "Bosi, hii injini imechoka, tuiwekee dawa," wewe utamwambia nini? Utamwomba matokeo ya maabara? Atakuuliza kama maabara ndiyo itakayokusukuma Kimara likizima. Kubadilisha oili sahihi kwa wakati hakuna msisimko wowote: unalipa, gari linabaki vilevile, na eti hilo ndilo lengo. Chupa angalau inakupa la kumsimulia jirani. Tena msisahau kwamba kwetu hata dumu tupu la oili lina mnunuzi, na hatumuulizi anakwenda kulijaza nini. Mtu asiye na hakika na kilichomo ndani ya dumu mnamkataza kuweka tumaini lake kwenye chupa?

Na sasa niseme jambo ambalo nyaraka zenu zimelipa nafasi ndogo mno. Ipo dawa inayofanya kazi. Ile nzito, inayoshuka kwenye mdomo wa chupa kama haina haraka ya kufika. Ni polima ya kuongeza uzito wa oili. Ringi zikiwa zimelika na sili za vali zimekauka, oili nyepesi hupenya, huungua, na gari likatoa moshi wa bluu kila ukikanyaga. Ukiifanya oili nzito, hupenya kidogo, moshi hupungua, na tapeti hunyamaza. Hakuna chuma kilichopona. Ringi bado ni zilezile, pampu inasukuma kwa taabu asubuhi, na vile vijia vyembamba vya VVT-i havipendi uji. Lakini kwa wiki kadhaa, injini inaongea kwa heshima.

Wiki kadhaa, waheshimiwa, zinatosha kuuza gari.

Dalali yeyote wa hapa mjini atawaeleza hivyo bila kuhitaji makamishna. Mteja anakuja Jumamosi, anafungua boneti, anawasha, anapeleka kiganja kwenye ekzosi, anakinusa, anaridhika. Analipa. Moshi unarudi mwezi wa pili, wakati kadi imeshabadilishwa jina na simu ya muuzaji haipatikani. Mlipotaka ushahidi wa kwamba dawa ina faida, mliutafuta ndani ya injini. Mngeutafuta kwenye mkataba wa mauziano mngekuta faida imekaa pale, upande wa kushoto, chini ya neno "Muuzaji".

Kwa sababu hizo naomba muwarudishie wafanyabiashara wale dola zao, pamoja na zile za matangazo ya magazetini. Mkishindwa, basi angalau msiruhusu nyaraka zenu zifike huku kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa IST yangu ipo sokoni, na nimeshanunua chupa mbili kwa fedha ambazo zingetosha filta mpya na oili ya kuanzia safari.

Wenu katika ujenzi wa injini,

Mmiliki wa pili, mtunzaji mzuri, gari halina shida yoyote.

Nakala:
Fundi wangu, kwa taarifa.
Dalali, kwa utekelezaji.
Shemeji aliyeahidi kuja kuliona gari Jumamosi, asipewe.