Naomba Kujulishwa: Ndani ni Wapi?

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi
(jina la kituo nimelihifadhi, mwenyewe unalijua)

YAH: MAOMBI YA KUPIMIWA MPAKA WA "NDANI"

Afande, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa chumba cha tatu kwenye nyumba ya vyumba sita huku uswahilini, Dar es Salaam, na cherehani yangu iko barazani. Kazi yangu ni kupima: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Mtu akinitajia kitu ambacho sijui kinaanzia wapi na kuishia wapi, silali. Sasa ofisi yako imenitajia kitu cha namna hiyo, na huu ni mwezi wa tatu sina usingizi.

Usiku ule tulimleta kwako jirani yetu wa chumba cha nne. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa khanga, jicho la kushoto limeziba. Askari wako wa kaunta alimtazama, akamuuliza amemfanya nini mumewe, kisha akatufahamisha kwamba hayo ni mambo ya ndani, tukayamalize nyumbani. Nilifurahi sana, Afande. Jeshi lako liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nikamwambia jirani, leo tumefika penyewe. Askari hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba kuna ndani mbili.

Naomba nieleze nyumba yetu ilivyo ili mpimaji wako asipate taabu. Kuta zetu hazifiki darini. Mwenye nyumba alipunguza matofali, akasema hewa ipite. Hewa inapita kweli, na kila kitu kinapita nayo. Mtu wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha sita anampa pole. Kwa hiyo mambo ya ndani ya chumba cha nne huwa yako ndani ya vyumba vitano vingine, uani, na kwa muuza chipsi upande wa pili wa barabara. Ikiwa ndani ni pale ambapo wengine hawasikii, basi kwetu hakuna ndani. Serikali imtafutie huyu dada ndani nyingine ya kupigiwa, hii imejaa watu.

Nilidhani labda ndani ni pale ambapo askari haruhusiwi kuingia. Nayo haikukaa. Mwaka jana vijana wako walikuja kutafuta gongo. Waliingia chumba cha sita, wakapita sebule ya pazia, wakafika uvunguni mwa kitanda wakatoa madumu mawili. Hakuna aliyesema gongo la mtu na mkewe lisiingiliwe. Na siku ile kuku wa Mama wa chumba cha pili alipoibwa jikoni kwake, ndani kabisa, mlifungua jalada. Sasa naanza kuelewa: ndani ni pale alipo mke. Akiwepo kuku, ni nje.

Kwa sababu hiyo napendekeza, kwa heshima zote, wanawake wa kata yetu wapewe semina ya kupiga yowe. Jirani yangu amekuwa akikosea miaka yote. Analia "nakufa jamani", na mtaa mzima unageukia ukutani. Angelia "mwizi!", tungetoka na marungu hadi bibi wa chumba cha tano. Sisi majirani nasi tuna aibu yetu, siifichi. Tulilelewa na ule usemi kwamba ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Nimelima, Afande. Nimelima hadi jembe likaisha makali, na mavuno yake niliyaona kwenye kipimo.

Maana fundi anaona. Mwezi wa pili, Dar es Salaam, jasho linachuruzika mpaka kwenye pini, halafu mteja anataka gauni la mikono mirefu na kola ya juu. Mara ya kwanza nikadhani ni mambo ya dini. Mara ya pili nikamwambia ainue mkono nimpime kwapa, hakuweza kuinua. Katika daftari langu la vipimo kuna ukurasa wake: kifua 36, kiuno 30, mkono 22, bega la kulia, Jumanne. Kiuno 28, shingo, vidole vinne, Idi Pili. Sikujua kama naandika ushahidi. Niliandika kwa kuwa gauni lilibidi likae vizuri.

Na baada ya kila kipimo cha namna hiyo, mume alikuja mwenyewe na doti ya kitenge kipya, mpole kama mwalimu wa madrasa, akiomba imshonewe mama watoto haraka. Mimi ndiye niliyevishona vitenge vyote vya msamaha. Biashara ilikuwa nzuri. Wiki mbili za kitenge, wiki ya kununa, kisha ukuta unaanza tena. Ungetaka kujua kalenda ya nyumba ile, ungehesabu vitenge kabatini.

Kofi lenyewe lilichelewa kuja. Lilianza jambo la simu: namba ya siri aijue mume. Ikafuata biashara ya vitumbua, kwamba mke wake hawezi kuuzia wanaume barabarani, akala mtaji. Halafu dada yake akakatazwa kuja. Kofi la kwanza lilipofika, jirani yangu alikuwa hana simu, hana shilingi, hana mtu. Askari wako alipomuuliza kwa nini asiondoke tu, nilitamani kumjibu kwamba mlango wa kutokea ulikuwa umeng'olewa bawaba kwa bawaba, miaka minne.

Sikulaumu peke yako. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 uliwauliza Watanzania kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, akipuuza watoto au akimnyima unyumba. Wanawake 58 katika kila 100 walikubali walau sababu moja. Wanaume waliokubali walikuwa 40. Yaani tunaopigwa tumewazidi wapigaji kwa kuwatafutia sababu! Na utafiti huohuo ukakuta wanawake wanne katika kila kumi wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Sishangai. Mimi mwenyewe somo yangu alinifunda kwamba ndoa ni kuvumilia na ya chumbani hayatoki ukumbini. Mwali wangu nikipata, nitamfunda mengine.

Turudi kituoni. Tulipong'ang'ania, askari alilainika, akaandika barua ya wito kwa mtuhumiwa. Kisha akamkabidhi nani? Akamkabidhi yeye, aliyepigwa, ampelekee mumewe nyumbani. Afande, nimeishi mjini muda mrefu, lakini sikuwahi kuona mbuzi akitumwa kupeleka kisu kwa mchinjaji na kuambiwa arudi na saini. Alirudi bila saini, na daftari langu likapata mstari mwingine.

Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali, nayo tuliambiwa tusubiri mwenye kuandika, ameenda kula. Sitasema aliomba hela ya soda. Nasema tu kwamba kiu ilitajwa, na fomu ile ni bure.

Baadaye nikafanya kosa la kusoma. Mteja wangu mmoja ni msaidizi wa kisheria wa kata, wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Aliniletea suruali kupunguza, akanikuta nalalamika kuhusu ndani. Akaniambia ndani imeshafunguliwa zamani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Mtu yeyote, mke kwa mume. Mwaka 1971, Afande! Sheria hiyo ina umri wa kuwa bibi, na hapo kaunta bado inachukuliwa kama mgeni asiyejulikana ametoka wapi. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, inampa aliyefanya shambulio la kudhuru mwili kifungo cha hadi miaka mitano. Nilimwomba anisomee pale palipoandikwa "isipokuwa awe mkewe". Alitafuta, hakupaona.

Ukweli usemwe, kuna mahali sheria yenyewe imeacha ndani. Ile ya makosa ya kujamiiana ya 1998 haimhesabu mume kuwa amembaka mkewe ila wakiwa wametengana. Hapo askari wako hakukosea peke yake, walikosea na wakubwa. Wenzetu Kenya tangu 2015 wana sheria inayojitegemea ya ukatili wa majumbani, na mahakama inaweza kumwamuru mpigaji atoke yeye kwenye nyumba. Kwetu vifungu vimetawanyika kama vitambaa vya kiraka, na anayetakiwa kuviunga ni mtu mwenye mkono mmoja uliofungwa khanga.

Kuna jingine alilonieleza yule msaidizi wa kisheria, nalo nikuombe ulibandike pale kaunta. Mlituambia tuanzie Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza lile ni njia ya kwenda kudai talaka. Kuvunjwa mkono si talaka. Mtu haombi usuluhishi na nondo. Kesi ya kupigwa inafunguliwa polisi, siku hiyohiyo, ndoa iwepo isiwepo. Wazee wa baraza ni watu wema, wana maji ya kunywa na mkeka mzuri, lakini hawana pingu.

Basi tukakuacha, Afande, tukaenda kwingine. Usinielewe vibaya, tulikwenda kwa wenzako. Kituo kingine kina Dawati la Jinsia na Watoto. Askari wa kike akatoka, akamshika jirani mkono ule mzima, akamwingiza kwenye chumba kidogo, akafunga mlango. Nikabaki kwenye benchi nimeduwaa. Kumbe polisi nanyi mna ndani! Na ndani hiyo mtu anasema bila foleni ya waliopoteza leseni kusikiliza. Nilitoa futi yangu nikakadiria kwa macho: kama mita tatu kwa tatu. Katika maisha yangu yote ndiyo ndani ya kwanza niliyoiona inamstiri mwanamke badala ya kumstiri mwanamume.

Kutoka pale tulipelekwa hospitali kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wanakaa chini ya paa moja, na PF3 ikajazwa hapohapo. Daktari hakuanza na mkono uliovunjika. Alianza na shingo. Akamuuliza mara tatu kama aliwahi kukabwa, sauti ilibadilika lini, alipoteza fahamu au la. Alisema mwanaume aliyefika shingoni ameshavuka mto, kinachofuata ni kuua. Nikakumbuka ule mstari wangu wa Idi Pili, nikakaa chini. Akaongeza kwamba kama mtu ameingiliwa kwa nguvu asingoje hadi mambo yapoe, dawa za kinga ya VVU zina saa 72 tu. Na aliyeumia vibaya hutibiwa kwanza, karatasi itamkuta kitandani.

Hatukumtoa nyumbani siku ile kwa kishindo. Msaidizi wa kisheria alituonya kwamba wengi huuawa pale wanapoaga. Kwa wiki mbili mzigo wake ulikaa kwangu, chini ya vipande vya nguo za wateja: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, kitambulisho, cheti cha ndoa, nauli tuliyochanga. Picha za majeraha zilikuwa kwenye simu yangu, kwa kuwa yeye alikuwa hana simu. Mtoto wa kwanza, wa darasa la tatu, tulimkaririsha 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Aliikariri haraka kuliko jedwali la saba. Mama yake aliondoka Jumatano saa nne asubuhi, mume akiwa kazini, kama mtu anayekwenda sokoni. Kesi iko mahakamani kwa hiyo sitaizungumza.

Alikuwa akihofia kwamba akiondoka hana chake, kwa kuwa kiwanja walinunua kwa mshahara wa mume. Hapo nilimsimulia habari ya Bi Hawa Mohamed, ambaye kesi yake dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983 ilifika Mahakama ya Rufani, nayo ikakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Alinitazama kama nimemtukana. Miaka yote ya kufua, kupika na kulea, hakuwahi kuambiwa kwamba ile ni kazi.

Nimalize na taarifa ya utekelezaji, maana najua ofisi hupenda taarifa. Katika suala hili lote, mamlaka iliyochukua hatua ya kwanza mtaani kwetu ni mwenye nyumba. Alimpa mume notisi ya kuhama. Sababu aliyoandika ni kelele. Amehama, sijui amehamia mtaa gani wala kuta za huko zimefika wapi.

Ile futi bado iko shingoni, Afande, nasubiri mpimaji wako. Aje mapema. Chumba cha nne kimepata wapangaji wapya, vijana, wamefunga ndoa mwaka huu. Jana bibi harusi alikuja barazani na kitenge kipya kabisa, akasimama nimpime, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mikono mirefu inaongeza bei.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi, chumba cha tatu