Shangazi Sarufi: Mwacheni "him" apumue

"Shangazi, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Niliandika 'to see him crossing the road', mwalimu akakata kwa wino mwekundu na kuweka 'his'. Anasema 'crossing' ni nomino, na nomino humilikiwa. Nimekosa wapi? Ni mimi Niliyekatwa Alama, Morogoro."

Mwanangu, hujakosa popote. Mwalimu wako ana kanuni yenye kazi yake, ila ameipeleka kwenye sentensi isiyoihusu. Hiyo "-ing" mnayogombania imerithi kazi mbili. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na kiambishi "-ende", kilichoonyesha kitendo kikiendelea, na kingine, "-ung" au "-ing", kilichogeuza kitenzi kuwa jina. Karne zilivyosonga vikasogeleana kwa sauti na umbo, mwishowe vikawa kimoja, na ugomvi ukaanzia hapo. Kiswahili hakikupatwa na msiba huo: tunasema "akivuka" tunapomtazama mtu barabarani, na "kuvuka kwake" tunapokitaja kitendo kama jambo. Sasa jiulize, katika sentensi yako jicho limeona nini? Limemwona mtu. Ndiyo maana sentensi inakubali kugeuzwa, "he was seen crossing", huyo mtu akakaa mbele bila taabu. "Him" hapo ana ndoa mbili kwa wakati mmoja, shamirisho la "see" na kiima cha "crossing", na zote mbili ni halali. Vitenzi vya kuona na kusikia viko hivyo, na pamoja navyo "find", "catch", "keep" na "leave". Ukimfuma mtu akiiba umemfuma yeye mwenyewe. Andika "to catch his stealing" uone kama Mwingereza hatarudi kuisoma upya. Mwonyeshe mwalimu ukurasa huu kwa adabu, baada ya matokeo kutoka.

"Shangazi, kazi yangu ni ukalimani mahakamani. Shahidi anasema 'nilimwona akitoa pesa kwenye droo'. Nitafsiri 'to see him take' au 'to see him taking'? Wakili mmoja kaniambia ni mamoja. Mkalimani, Mombasa."

Wakili aliyesema ni mamoja hajapata kumtetea mtu aliyekutwa katikati ya jambo. "To see him take" inadai kwamba shahidi alikiona kitendo kizima, tangu mkono kuingia hadi pesa kutoka. "To see him taking" inadai kidogo zaidi: macho yalimkuta katikati, na yaliyotangulia au kufuata hayakuahidiwa. Ijaribu kwa mtu aliyegongwa na lori. "I saw him crossing the road when the lorry hit him" inasikika sawa, lakini ukiweka "cross" msikilizaji anamwona jamaa amekwisha fika ng'ambo, kisha anashangaa lori lilimpatia wapi. Kwa vitendo vya mara moja tofauti huwa nyingine: "cough" ni kikohozi kimoja, "coughing" ni kukohoa tena na tena. Shida yako, ndugu Mkalimani, ni kwamba "-ki-" yetu hubeba hali zote mbili bila kujieleza, kwa hiyo hukumu isitoke kichwani mwako. Omba kupitia kwa hakimu shahidi aulizwe kama aliona mpaka mwisho. Jibu lake ndilo litakalokuchagulia.

"Wewe unayejiita Shangazi, unawaharibu watoto. Fowler alishaufunga mjadala huu zamani: 'to mind him coming' ni kosa, lazima iwe 'his'. Mwalimu Mstaafu, Tanga."

Shikamoo, Mwalimu. Fowler aliuchochea mjadala, kuufunga hakuwahi. Mwanasarufi huyo Mwingereza na nduguye waliikemea sentensi ya namna hiyo katika The King's English mwaka 1906. Mwaka 1925 akaishambulia tena katika vijitabu vya Society for Pure English, na mwaka uliofuata Otto Jespersen, Mdenmaki, akamjibu katika mfululizo huohuo wa vijitabu. Hoja ya Fowler haikuwa ya kipuuzi, na ninaipa heshima yake. Ukisema hujali "him coming", usichokijali ni kuja, wala si huyo mtu. "Him" basi anafanya nini pale? Kwa "see" tulimpatia kazi, kwa "mind" hana. Ndiyo maana huwezi kuigeuza "mind" kama tulivyoigeuza "see". "He was minded coming" haisemeki. Mpaka hapo mimi na Fowler tuko pamoja. Tunaachana anapodai kwamba kiwakilishi kikikosa ndoa na kitenzi cha kwanza lazima kivikwe umiliki. Chukua "to prevent this happening" au "to imagine there being no water". "This" na "there" hayana umbo la kumilikisha, na sentensi hizo ziko katika Kiingereza kizuri cha kila siku. Sheria ambayo ukiitii sentensi safi haisemeki tena, ina walakini. Tazama pia "them coming late annoys me": kiwakilishi kiko katika wingi, "annoys" iko katika umoja, kwa sababu kinachokera ni jambo zima la kuchelewa. Fungu lote limesimama kama kitu kimoja.

Utaniambia kwamba hilo ndilo haswa Fowler aliloliita halina utetezi wa kisarufi. Basi sikiliza mdomo wako mwenyewe, Mwalimu. "Watoto kuchelewa kunanikera." Hukusema "wananikera"; upatanisho umeruka watoto ukaenda kukamata kuchelewa. "Baada ya mimi kustaafu", "licha ya wewe kunikataza": viwakilishi vitupu, bila "kwangu" wala "kwako", na hakuna mtahini aliyewahi kuvikata. Najua Kiswahili hakina mamlaka juu ya Kiingereza. Ushahidi wa Kiingereza nimekwisha utoa hapo juu. Kinachoonyeshwa na Kiswahili ni kwamba muundo huo hauna maradhi yoyote, lugha inaweza kuubeba na ikatembea. Wala sisemi "his" itupwe. Baada ya "mind", "resent" au "remember" ni sahihi, ni rasmi zaidi, na katika barua ya ofisini au kwenye chumba cha mtihani haitamgharimu mtoto wako chochote. Mwanzoni mwa sentensi mimi mwenyewe naipendelea. Lakini ukimlazimisha aandike "to see his crossing", utakuwa umemfundisha kosa kwa jina la usahihi, na huyo wa Morogoro tayari amelilipia. Ukitaka kupumzika na ugomvi wote, tumia "her". Katika "to remember her singing", "her" inaweza kuwa sawa na "him" au na "his", na sarufi haiwezi kukuuliza ulikusudia kipi.

"Shangazi, 'to make him laughing' ni sawa? Na 'I want you coming'? Jibu haraka. Mwenye Haraka, Kigoma."

Zote mbili hapana. "Make" inataka "laugh" tupu, na "let" nayo hivyo hivyo. "Want" inataka "to come", isipokuwa kwenye kukataza: "I don't want you coming here again" ni Kiingereza safi kabisa, hasa kikitoka kwa baba mkwe.