Namna ya Kutoa Upepo kwenye Klachi bila Kugombana na Shemeji

Umebadilisha masta ya klachi na ile silinda ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi ya Hilux. Unakanyaga, pedeli inazama hadi sakafuni na haina habari ya kurudi. Usikimbilie kurudisha spea dukani: ndani kuna upepo. Oili ya breki, ambayo ndiyo inayosukuma klachi hii, haikubali kubanwa, upepo unakubali, kwa hiyo nguvu yote ya mguu wako inaishia kuuminya na klachi haiachii.

Tafuta kwanza mtu wa kukaa kwenye usukani. Wengi huchagua mwenye mguu mzito. Chagua mwenye masikio. Shemeji anafaa sana, mradi simu yake ibaki ndani ya nyumba. Tia vigingi kwenye matairi, kisha mkubaliane maneno kabla hujalala chini ya gari. Ukisema "kanyaga", ajibu "nimekanyaga". Ukisema "achia", ajibu "nimeachia". "Haya" na "enhe" ni marufuku, maana hakuna ajuaye zina maana gani, na oili ya breki ikikurukia machoni inawasha vibaya. Vaa miwani.

Jaza kopo la masta kwa oili mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Toyota nyingi hutumia DOT 3. Oili ya injini isisogee hapo kabisa, kwani vipira vya ndani vitavimba na utanunua masta nyingine. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana nayo iache. Imeshanyonya unyevu.

Vika nipo, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini, mpira mwangavu, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye oili kidogo. Shemeji akanyage taratibu mara kadhaa, halafu ashikilie chini. Legeza nipo robo mzunguko kwa spana ya ringi, povu litatoka. Funga kwanza, ndipo useme "achia". Ukigeuza mpangilio huo, pedeli ikirudi inavuta hewa kupitia nipo, na mnaanza upya. Mwanzoni pedeli haitapanda yenyewe. Shemeji ainyanyue kwa mkono.

Kila baada ya mikanyago michache, toka ukaangalie kopo. Hapa ndipo hata mafundi wazuri hukwama: huku chini mambo yananyooka, kumbe juu kopo limekauka na masta imemeza upepo mpya. Ongeza kabla halijashuka nusu. Ukidondosha oili kwenye rangi ya bodi, imwagie maji mengi papo hapo, la sivyo itaibabua.

Mpira ukitoa oili tupu, kaza nipo kwa kiasi, maana shingo yake hukatika upesi. Hakikisha mbele na nyuma ya gari pako wazi. Washa injini, kanyaga, subiri kidogo, ingiza rivasi. Ikikwaruza na pedeli bado ni laini, bado kuna upepo: rudi chini, na shemeji asitoke.