Jinsi ya Kumfanya Daktari wa Akili Ainue Macho

Kabla hujatoka nyumbani, chukua karatasi uandike usingizi ulianza kukupaa lini, chakula kilianza kukushinda lini, na nini kilitokea wakati huo. Kama wazo la kujiua limewahi kukupitia, liandike mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa. Daktari niliyeonana naye hapa Mombasa aliuliza mawili tu: "Unalala? Unakula?" Nilipokuwa bado najibu, alishaanza kuandika dawa. La kujiua hakuuliza kabisa. Basi liseme wewe, na usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Ukiingia, funga mlango mwenyewe. Wangu uliachwa wazi, na benchi zima likasikia habari zangu. Nesi akiufungua tena, mwambie, "Samahani dada, nina la siri na daktari." Hujakosa adabu. Sheria ya Afya ya Akili, kwa marekebisho ya mwaka 2022, inakupa haki ya kutunziwa siri, kuelezwa matibabu yako na kushiriki kuyapanga.

Kaa kimya mpaka kalamu itulie, kisha mpe karatasi yako. Akikwambia, "Acha mawazo, mama," mjibu kwa upole, "Daktari, hayo mawazo ndiyo yaliyonileta." Hapo atainua macho.

Usiinuke na cheti kabla hujauliza: Ugonjwa wangu ni upi? Dawa hii itaanza kunisaidia lini? Nikiona nini nirudi haraka? Mimi nilipewa amitriptilini bila maelezo yoyote. Mdomo ulikauka hata ulimi ukawa unanata kwenye kaakaa, choo kikafunga, na kila nikisimama ghafla nashika ukuta. Nililala nikiamini nimepata ugonjwa wa pili. Kumbe hayo yote ni madhara yanayojulikana ya dawa hiyo, na kuyaeleza hakumalizi hata dakika. Nafuu nayo huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa asiyeambiwa kitu huonja machungu kwanza, na wengi huacha dawa hapo hapo, kabla haijawafaa.

Wanaopewa haloperidoli ndio wananisikitisha zaidi. Dawa hiyo inaweza kupinda shingo, kukaza taya na kugeuza macho yakatazama juu. Nyumbani watu husema pepo wamepanda, ubani unafukizwa, mgonjwa anapelekwa kwa mganga. Dawa ya kulegeza mkazo huo ipo hospitalini na hufanya kazi upesi, mradi mtu aambiwe mapema kwamba akiona hivyo akimbilie huko.

Nenda na mtu, shangazi au rafiki asiyeona haya kuuliza, kwa sababu siku ambayo akili imechoka ulimi nao huchoka. Najua daktari ana foleni ndefu, na namwonea huruma. Lakini anayekataa kujibu maswali hayo matatu hajamaliza kazi yake. Nenda kwa msimamizi wa kliniki siku hiyo hiyo, cheti kikiwa mkononi, uombe kuonwa na mwingine.