Jinsi ya Kuinuka Kwenye Sinia na Heshima Zako

Ukialikwa harusi, maulidi au hitima popote kati ya Pemba na Palma, pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, utakula sinia moja na watu watano au sita, na wengine hutawajua hata majina. Hakuna atakayekupa maelekezo. Watakutazama tu, na kabla wali haujafika nusu watakuwa wamekwisha kukujua. Basi yasome haya mapema.

Kwanza: acha hesabu za bufee mlangoni. Kwenye mkahawa wa bufee umelipa mara moja, kwa hiyo kila sahani ya ziada ni faida yako. Pale hakuna neno, maana chombo kikikauka mpishi analeta kingine. Sinia haliendi hivyo. Mchele ulipimwa tangu asubuhi kwa kuhesabu vichwa, nazi zikakunwa kwa hesabu hiyo hiyo, na tonge la ziada unamnyang'anya mtu unayemwona usoni. Walaji wakubwa tunao tangu zamani: msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli kwenye sahani kubwa ya mti, pamoja na kuku, nyama, samaki na mboga, akashangaa kwamba mtu mmoja wa pale hula chakula cha kundi zima. Ukijijua u wa ukoo huo, kula kidogo nyumbani kabla ya kutoka. Si aibu. Ni hisani kwa utakaoketi nao.

Pili: jipunguze. Usikunje miguu yote miwili ukatawanya magoti mkekani kana kwamba umepewa hati ya kiwanja. Kalia ubavu, inua goti moja, bega la kulia liwe mbele. Wote mkielekeza bega la kulia ndani, mahali pa wanne panatosha sita. Birika na bakuli la kunawia likija, mpishe mzee aanze. Ukishanawa, mkono huo usiguse kitu tena: si simu, si ndevu, si mgongo wa rafiki usiyemwona tangu mwaka jana. Na usitangulie. Mkubwa wa sinia atapiga Bismillahi, atatia mkono, nanyi mtafuata.

Tatu: jua mpaka wako. Wachina nao hula wengi chombo kimoja: chungu cha mchuzi kinachemka katikati ya meza, kila mtu anatosa nyama na mboga zake. Siku hizi ni biashara kubwa. Mikahawa ya Haidilao, iliyoanzia Jianyang katika jimbo la Sichuan mwaka 1994, iko katika nchi nyingi. Lakini kule Chongqing utakuta chungu kilichotiwa kiunzi cha chuma chenye vyumba tisa, kila mtu ajue chakula chake kiko wapi. Husimuliwa kwamba kiunzi hicho kiliwafaa wachukuzi wa bandarini, waliochangia chungu na watu wasiojuana nao.

Sinia la pwani nalo lina vyumba, ila chuma hakuna. Chumba chako kinaanzia ukingoni mbele ya magoti yako, kinakwenda kikipungua hadi katikati. Mtume alimfundisha hivyo mtoto aliyekuwa akirusha mkono huku na huku sahanini: ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Watoto wa madrasa hulijua somo hilo mapema. Baadhi ya watu wazima hulisahau mara tu wanapoona kuku. Kuna mchimbaji, ambaye havuki mpaka hata kidogo: anachimba upande wake kwa chini mpaka kilima cha wali kinaporomoka chenyewe na paja la kuku linamwangukia. Kuna na mwenye mfereji, anayefungua kijia kwenye wali ili mchuzi uteremkie kwake. Usiwe yeyote kati yao. Sinia zima limeona.

Nne: nyama ina mgawaji. Ile ya katikati haina mwenyewe mpaka mkubwa wa sinia aishike. Ataichambua kwa vidole na kuwawekea wenzake mmoja mmoja. Ukiwekewa, pokea. Ukiwekewa zaidi ya jirani, lisogeze pande moja mbele yake bila hotuba. Kama mkubwa wa sinia ni wewe, anza na mtoto na mgeni, ujimalizie mwenyewe. Kwa pweza na kamba fuata kanuni hiyo hiyo, ijapokuwa nafsi itakushauri vingine.

Tano: fuata mwendo wa aliye nyuma. Kila sinia lina mzee ambaye meno yamemtoka, au mtoto ambaye tonge lake linavunjika njiani. Huyo ndiye anayepanga kasi. Tonge liwe dogo, litafunwe, litulie, ndipo mkono urudi. Ukishiba kabla ya wenzako usiinuke, maana ukiinuka mwenye haya ataona naye imempasa kuacha, akalala na njaa kwa sababu yako. Endelea kuchukua punje mbili tatu, zungumza habari za bahari na bei ya samaki, mpaka uone mikono yote imelegea.

Sita: siku ambazo hakuna harusi. Adabu ya sinia haifunzwi kwenye pilau. Inafunzwa kwenye ugali na matapa. Majani ya muhogo yanatwangwa kinuni, yanachemshwa muda mrefu kwa sababu mabichi yana sumu, kisha yanaungwa kwa karanga na tui la nazi. Ni kazi ya nusu siku kwa mwanamke mwenye mambo mengine mengi. Kwa hiyo chovya tonge, usilitumie kama koleo. Bakuli la mboga likiisha ugali ungali umebaki, mwenye kosa anajulikana.

Saba: ukisikia hodi, sogea. Hii ndiyo kanuni kubwa, na zile sita zilizotangulia ni mazoezi yake. Vita ndivyo vilivyoipima. Tarehe 5 Oktoba 2017 mji wa Mocímboa da Praia, kwenye pwani hii, ulishambuliwa na waasi, na vita vikaenea wilaya baada ya wilaya. Mwaka 2020 mashua zilizojaa watu waliokimbia vita zilikuwa zikitia nanga ufuoni Paquitequete, mtaa wa kale wa Pemba. Tarehe 24 Machi 2021 ikafika zamu ya Palma kushambuliwa. Kufikia katikati ya mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu laki tisa waliohama makwao. Wengi wao hawakulala kambini. Walipokewa majumbani, na ndugu, na jamaa wa mbali, na watu ambao hawakuwa na udugu nao wowote isipokuwa kwamba hodi ilipigwa wakati wa kula.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikaa miezi, wengine miaka, na mchele haukuongezeka kwa kadiri ya watu. Kilichowezekana ni walaji kukaa ubavu zaidi, tonge kupungua, nyama kusogezwa, mwendo kwenda polepole. Nyumba zilizokuwa na adabu hiyo tangu zamani hazikuhitaji semina ya kujifunza ukarimu. Zilikuwa zimeufanyia mazoezi kila siku tangu watoto wakiwa wadogo, kwa kukatazwa kuchimba kilima cha wali.

Kwa hiyo anaposimama mtu mlangoni nanyi mmekwisha kuanza, usimwulize kama amekula. Swali hilo linamfundisha kusema uongo. Mwite jina kama unalijua, mwite ndugu kama hulijui, geuza bega, nafasi itapatikana.

Nane: kabla ya kunawa. Sinia likiisha, mkubwa atashukuru Mungu, mtawaombea dua wenye shughuli, birika litarudi. Watu wengi huinuka hapo wakidhani wamemaliza vizuri. Bado. Nyuma ya nyumba kuna akina mama walioamka alfajiri kukuna nazi, kutwanga na kuchochea moto, na ndio hula mwisho. Desturi hii ina kasoro, na dawa yake ni ndogo: sinia lao litengwe kwanza, kabla ya masinia ya wageni kutoka jikoni, na liwe na nyama. Wewe mgeni huna amri jikoni, lakini ulimi unao. Muulize mwenyeji mapema, sinia halijaisha, kama waliopika wamewekewa. Akisema wamewekewa, maliza, nawa uende zako. Akisita, sinia lenu lisikombwe: acheni upande mmoja mzima haujaguswa, na kipande cha samaki juu yake, kirudi kwa aliyekipika.