Ruta Inapovishwa Kitambaa

Kwa mama yangu, kifaa chochote chenye taa lazima kivae. Redio ilivaa, friji ikavaa, televisheni ya chogo ilivaa mpaka siku ilipokufa. Tulipoingiziwa fiba hapa Tabata, ruta haikulala uchi hata usiku mmoja. Ilifumiwa kitambaa cha rangi ya machungwa chenye vishada, ikapandishwa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya masufuria ya shughuli. Ilipendeza, na hakuna aliyelalamika, mpaka mpwa wangu alipohamia kwetu na PlayStation yake.

Kijana amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Kazi yake kwa sasa ni kucheza mpira mtandaoni na watu asiowajua, na kila akifungwa, mwenye kosa ni intaneti. "Shangazi, pingi imefika mia tatu!" Pingi, kwa msiokaa na vijana, ni muda ambao ujumbe unatumia kwenda kwenye seva na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde. Ukiwa mrefu, unapiga shuti halafu mpira unafikiria kwanza.

Mshtakiwa wa kwanza akawa kitambaa. Kwa haki kabisa, kitambaa hakizuii mawimbi. Kinaziba matundu ya hewa tu, ruta inachemka. Wakosaji hasa walikuwa yale masufuria, maana chuma na mawimbi ya redio haviivi. Akafuata maikrowevu. Hii hufanya kazi karibu na gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya waifai yetu, kwa hiyo kila mama alipopasha maharage, kijana alifungwa bao. Tukahamia gigahezi 5, ambayo ina kasi zaidi ila inachoka upesi mbele ya ukuta wa tofali, na chumba chake kiko nyuma ya kuta mbili. Mwisho tukavuta kebo kutoka sebuleni, tukaipitisha juu ya korido. Kesho yake nikakuta khanga zimeanikwa juu yake.

Pingi ikatulia, lakini akazuka na jipya: NAT ya aina ya 3. PlayStation hupanga muunganisho kwa aina tatu, na ya tatu ndiyo mkosi. Unaweza kushindwa kuingia mechi za wenzako, na mkiingia, huenda msisikiane. Dawa inayojulikana ni kuingia kwenye ukurasa wa ruta, ule wa 192.168.1.1, na kuiruhusu iifungulie gemu milango inayohitaji. Nywila imeandikwa chini ya tumbo la ruta kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Tukafungua kila kilichofunguka. Ikabaki aina ya 3.

Hapa, kwa mara ya kwanza, nilianza kumwonea huruma. Anwani iliyoonekana kwenye ruta ilianza na 100.64, na hiyo si anwani ya kutokea nje. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi hata watu waliopo duniani, ndiyo maana mwaka 2012 likatengwa fungu la watoa huduma kuwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni nyumba ya kupanga yenye geti moja: unaweza kuacha mlango wa chumba chako wazi usiku kucha, mgeni wako ataishia getini kwa sababu mlinzi hajui unakaa chumba kipi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. "Dada, umeshajaribu kuizima na kuiwasha?"

Mama akadakia kutoka kwenye kochi: "Mwambie naizima kila usiku. Hata yenyewe inachoka."

Baada ya kuhamishwa kutoka mtu hadi mtu, nikampata mmoja aliyeelewa swali. Akasema anwani ya peke yetu inapatikana, kwa nyongeza kila mwezi. Nikalipa. NAT ikawa aina ya 2, kijana akapiga magoti sebuleni.

Kilichobaki ni umbali hadi kwenye seva. Dar hadi London, kwa mfano, ni kilomita kama 7,500 kwa mstari ulionyooka, na nuru ndani ya fiba inakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 75, na kebo zenyewe hazinyooki, zinazunguka baharini. Nilimweleza haya kwa kalamu na karatasi. Akauliza kama hakuna ruta inayoweza kurekebisha hilo.

Jumamosi akacheza na rafiki yake wa Mbagala. Kebo imekaa, milango iko wazi, maikrowevu imezimwa kwa amri yangu, mama amenuna. Akafungwa tano bila. Sebule ikawa kimya, sote tukimtazama tusikie safari hii mkosaji ni nani.

Akaigeuza pedi, akaichungulia chini, akaitikisa karibu na sikio.

"Shangazi," akasema, "hivi pedi mpya siku hizi ni shilingi ngapi?"