Ngeli za Mafundi Wahamiaji: Utafiti wa Chini ya Mwembe, Arua na Koboko

Wataalamu wa uainishaji wamewapanga ndege, mimea na nomino za Kiswahili, lakini fundi wa magari aliyeanza maisha katika kazi nyingine hawajamgusa bado. Mahali pa kuziba pengo hilo ni West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa sababu huku vita, mipaka na amri za serikali zimewabadilisha watu kazi mara nyingi kuliko walivyobadili wenyewe. Hata Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, inasimuliwa kwamba aliingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi. Alipobadili kazi kwa mara ya mwisho, Januari 1971, nchi nzima ilikaa juu ya mawe miaka minane.

Kigezo chetu ni kimoja: ni kitu gani cha kazi ya zamani ambacho mhamiaji ameshindwa kukiacha?

Ngeli ya kwanza ni Mwalimu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa zote hadi tarehe 10 Januari 2022. Mwalimu wa shule ya binafsi, ambaye mshahara wake hutoka kwenye ada za wazazi, hakuwa na cha kungojea; akavaa ovaroli. Bosi wake ni kijana wa miaka ishirini na kidogo, pengine mwanafunzi wake wa zamani wa darasa la nne, na grisi haijafuta heshima. "Mwalimu, naomba namba kumi na saba." Spana inaletwa. "Hiyo ni kumi na tisa, Mwalimu." Mtafiti makini ataona kwamba masikio ya Mwalimu ndiyo huchoka kabla ya mikono.

Ngeli hii ina matawi mawili. Tawi la Sayansi lilianza kuchungulia tena ubao kuanzia Julai 2022, serikali ilipompa mwalimu wake wa sayansi mwenye shahada shilingi milioni 4 kwa mwezi. Tawi la Sanaa liligoma Juni mwaka huohuo, likaambulia maneno, na waliokuwa chini ya magari wakabaki hukohuko. Gereji haikupata hasara. Mwalimu wa fizikia hueleza kwa usahihi kabisa kwa nini injini haiwaki, na akimaliza maelezo injini bado haiwaki. Mwalimu wa historia huanzia mbali: nani aliligusa gari hili mara ya mwisho, alifungua nini, na je, alilipwa? Magari mengi ugonjwa wake uko hapo.

Ngeli ya pili ni Afisa wa Mradi. Kambi ya Bidi Bidi ilipofunguliwa Yumbe Agosti 2016, mashirika ya misaada yalileta ajira nyingi Arua na Koboko. Marekani ilipoifunga USAID mwaka 2025, ikawa zamu ya kushuka kutoka kwenye Land Cruiser nyeupe na, kwa wachache wenye moyo, kuingia chini yake. Huyu hagusi boliti kabla ya tathmini ya mahitaji, na akiachwa bila msimamizi atamsainisha mwenye gari karatasi ya mahudhurio. Hata hivyo anaandika. Daftari lake lina tarehe ambayo oili ilibadilishwa, jambo ambalo mafundi wazawa wanalitazama kama uchawi.

Ngeli ya tatu ni Mtu wa Madumu. Baada ya utawala wa Amin kuanguka mwaka 1979, wakazi wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Waliporudi miaka ya 1980 hawakukuta kazi, ila njia za panya walikuwa wanazijua. Hapo walizaliwa wale OPEC Boys, waliouza petroli ya magendo kando ya barabara za Arua, na ambao msomi wa Ubelgiji Kristof Titeca ameandika habari zao kwa uzito unaostahili. Sisi tunaongeza habari ya pua tu. Aliyetoka huko hufungua kifuniko cha tangi, akanusa, akakwambia mafuta yamechanganywa na mafuta ya taa. Tatizo ni kwamba mara nyingi anamjua pia aliyeyauza, na hamtaji.

Vitabu vya nje vinataja ngeli moja zaidi. Matthew Crawford, Mmarekani mwenye udaktari wa falsafa ya siasa kutoka Chicago, aliacha kazi ya ofisini Washington akafungua karakana ya pikipiki Richmond, Virginia, kisha mwaka 2009 akatoa kitabu cha kuisifu kazi ya mikono. Sampuli ya mtu anayeacha mshahara unaoingia ili afuate grisi kwa hiari haijapatikana Arua. Ikipatikana, tunaomba ihifadhiwe.

Anabaki Utingo, na hapa mtafiti anakiri upendeleo. Karibu na Koboko, Uganda inakutana na Kongo na Sudan Kusini. Sisi tunapita kushoto, majirani wote wawili wanapita kulia. Taa za gari lenye usukani wa kulia zimeelekezwa ukingo wa kushoto wa barabara. Vuka mpaka wa Oraba kuingia Kaya, Sudan Kusini, usiku, na zitawapiga macho wanaokuja. Utingo wa malori ya Juba aliyajua haya kabla ya kuitwa fundi. Alishafunga springi iliyokatika kwa kamba ya mpira na kuziba rejeta kwa sabuni, huku dereva akilala. Vita vya Sudan Kusini vya Desemba 2013 na Julai 2016 vilipoivuruga njia ile, alishuka na spana zake, akakaa chini ya mwembe. Kusema kweli hakubadili kazi. Lori ndilo lililosimama.

Kwa msafiri wa Arua na Koboko, pendekezo letu ni fupi. Gari likizima, kabla ya kuuliza bei, uliza fundi alikuwa nani zamani. Akiwa utingo, mpe ufunguo ukanywe chai. Akiwa mwalimu wa fizikia, usiondoke hapo.